Gitaa la Mapajani: Sauti ya Bakelaiti, Mbao za Pwani

Anzia jikoni. Tafuta kikaango cha zamani chenye mshikio mweusi mgumu, ule ambao moto wa mkaa unaulamba miaka na miaka nao hauyeyuki. Ugonge kwa ukucha. Utasikia mlio mfupi na mkavu, kama wa jiwe, wala si ule mlio mwepesi wa ndoo ya plastiki. Kwa kawaida mshikio wa namna hiyo ni bakelaiti, na bakelaiti hiyohiyo ndiyo iliyotengenezewa baadhi ya magitaa ya umeme yanayosifiwa kuliko yote duniani kwa kulia kama mtu.

Mwongozo huu nimemwandikia mpigaji wa Kibaha au Kisarawe: anayepiga kwenye kwaya, kwenye bendi ya harusi, au barazani kwake jioni, ambaye amewahi kusikia gitaa linaloteleza kutoka noti moja hadi nyingine bila kukatika akatamani kulijua. Magitaa ya bakelaiti ya miaka ya 1930 ni adimu hata Marekani yalikotengenezwa, kwa hiyo sikuahidi kwamba utalikuta sokoni Maili Moja. Ninachokuahidi ni kwamba ukielewa kwa nini yanalia vile, unaweza kujitengenezea lako kwa mbao za mkoa wetu, rodi ya shokapu na pikapu ya kununua Kariakoo. Siri yake ni moja: mwili wa gitaa usiibe nguvu ya uzi. Mengine yote ni maelezo ya siri hiyo.

Gitaa lenyewe ni lipi

Gitaa hili halikumbatiwi. Unakaa, unalilaza mapajani nyuzi zikitazama juu, mkono wa kulia unakwanyua na wa kushoto unashika kipande cha chuma kinachoteleza juu ya nyuzi. Vidole havikandamizi uzi hadi ubaoni. Nyuzi zimeinuliwa juu sana, karibu sentimita moja, na mistari ya freti ni alama za kuongoza macho tu.

Asili yake ni Hawaii. Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Joseph Kekuku wa kisiwa cha Oahu, miaka ya 1880. Simulizi inayopendwa inasema kijana huyo aliokota bolti kando ya reli, ikagusa nyuzi za gitaa lake, naye akausikia mlio mpya. Sisi tuliokulia karibu na Reli ya Kati, kati ya Pugu, Soga na Ruvu, tunaielewa simulizi hiyo vizuri. Naomba tu usiende kung'oa bolti za reli; nitakuonyesha chuma bora zaidi.

Jina la Hawaii lilifika hata Afrika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 huko Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Zacharie Elenga, maarufu kama Jhimmy, alirekodi kwa lebo ya Opika, na jina la Hawaii likaambatana na upigaji wake. Kwa mpenzi wa dansi, basi, mtelezo huu si mgeni kabisa: ni ndugu wa mbali aliyeolewa Hawaii.

Tatizo la zamani lilikuwa sauti ndogo. Gitaa la mapajani lililokuwa la mbao tupu lilimezwa na ngoma na matarumbeta ya bendi. George Beauchamp, mpigaji wa gitaa hilo, na Adolph Rickenbacker, fundi wa vyuma wa Los Angeles, wakaweka sumaku na koili chini ya nyuzi ili mtikisiko wa chuma ugeuke umeme. Mwaka 1932 kampuni yao ilianza kuuza gitaa la alumini lenye kiwiliwili cha mviringo na shingo ndefu. Watu wakalipa jina la utani: Kikaango. Hataza ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1937.

Kikaango kilikuwa na ugonjwa mmoja. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na hupokea joto haraka. Chini ya taa za jukwaani, gitaa lililotyuniwa vizuri nyuma ya pazia lilianza kwenda kombo katikati ya wimbo. Aliyewahi kufuata mdundiko mtaani anaujua mchezo huo: ngoma ikipoa inalegea, wapigaji wanawasha karatasi au majani makavu na kuipasha hadi ngozi ikaze tena. Kwa mpigangoma joto ni dawa. Kwa mwenye Kikaango lilikuwa sumu. Ndipo mwaka 1935 kampuni ya Rickenbacker ikatoa gitaa jipya, la bakelaiti nyeusi, ambayo haipitishi joto kwa haraka. Ukisikia mtu anataja B-6, anazungumzia hilo, na hiyo 6 ni idadi ya nyuzi.

Bakelaiti ni nini, na korosho inaingiaje

Bakelaiti ilibuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa akiishi New York. Alichanganya fenoli na fomaldehidi, akazitia joto na shinikizo. Viwandani mchanganyiko huo huongezewa kijazio, mara nyingi unga laini wa mbao, kisha hukandamizwa ndani ya kalibu ya chuma yenye moto. Kinachotoka ni kama tofali la kuchoma: udongo ukishaiva haurudi kuwa udongo. Bakelaiti iliyoiva haiyeyuki tena, na ikizidiwa na moto huungua na kuwa mkaa.

Mtu wa Pwani ana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Ganda la korosho lina kimiminika cheusi kinachochoma ngozi. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono bila majivu au mafuta anakikumbuka. Kimiminika hicho ni cha ukoo wa fenoli. Viwandani hukutanishwa na fomaldehidi ikatoka gundi ngumu isiyoyeyuka, ambayo hutumika hata kwenye bitana za breki za magari. Kibaha ilikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa kiwanda cha kubangua korosho, kwa hiyo binamu wa bakelaiti amekuwa akitupwa na maganda jirani yetu miaka yote. Usijaribu kuipika nyumbani lakini. Fomaldehidi ni sumu, na bila kalibu yenye shinikizo utapata povu linalovunjika.

Sauti inatoka wapi

Mpigaji akisifu gitaa la bakelaiti husema lina sauti nene isiyo na ukungu, na kwamba uzi ukishakwanyuliwa haukati tamaa. Sifa hizo zina sababu nne, na kila sababu ni somo kwa anayetaka kutengeneza.

Kwanza ni uzito na ugumu wa mwili. Uzi una nguvu kidogo tu unayoupa kwa kidole. Mwili mwepesi na laini huinywa nguvu hiyo kwa kutikisika wenyewe, na sauti hufa. Gitaa kavu, lile wazee waliloliita galatoni, limeundwa makusudi liinywe, kwa sababu ubao wake wa juu ndio spika. Gitaa la umeme la mapajani linataka kinyume chake: mwili ukae kimya kama jiwe, uzi peke yake ucheze mbele ya sumaku.

Pili ni pikapu. Rickenbacker walitumia sumaku mbili za umbo la U zilizolazwa zikitazamana, nyuzi zikapita katikati kama treni ndani ya handaki. Kwa hiyo kila uzi umezungukwa na sumaku juu na chini, na mkono wa kulia unapiga ukiuzunguka mdomo wa sumaku hizo. Magitaa ya kabla ya vita yana sumaku pana za takriban milimita 38. Yaliyotoka baada ya vita yana za takriban milimita 32. Wengi husifu zaidi zile pana.

Tatu, nyuzi hazikufungwa kwenye kipande cha bati kilichobandikwa juu. Hupenya mwilini kutoka nyuma, na kichwa cha uzi kikang'ang'ania ndani. Mkazo wote wa nyuzi unaingia kwenye mwili mzito, na hakuna kiungo kilicholegea cha kupokonya sauti.

Nne ni mkono wako. Hili wauzaji hawalisemi. Chuma chepesi kikishikwa kwa woga kitafanya gitaa bora kabisa lilie kama mbu, na mkono mzuri utatoa utu kwenye ubao wa mkongo.

Kuna jambo la tano ambalo watu hulipa sifa isiyo yake. Mwili wa B-6 haukujaa bakelaiti tupu. Una mapango yaliyofunikwa kwa vibati vya kromu, na baadaye vikapakwa rangi nyeupe. Vibati hivyo hupendezesha. Usihangaike kuviiga.

Ukikutana na la kale

Huenda ndugu yako aliye ughaibuni akakuletea, au ukalikuta kwenye vifaa vya marehemu mwanamuziki. Kabla ya kutoa pesa, kagua hivi:

1. Linyanyue. Kwa umbo lake dogo linapaswa kukushangaza kwa uzito. La plastiki ya kawaida litakuwa jepesi.

2. Chukua kitambaa, kichovye kwenye maji ya moto, kamua, kisha sugua sehemu ya nyuma na unuse. Bakelaiti hutoa harufu ya karboliki, ile ya sabuni ya zamani ya hospitali. Usichome kwa sindano ya moto kama wanavyoshauri baadhi ya watu. Utaacha kovu kwenye kitu cha thamani.

3. Tazama palipo na skrubu, mahali shingo inapokutana na kiwiliwili. Shingo ya gitaa hili hufunguka, na hapo ndipo nyufa huanzia. Bakelaiti ni ngumu lakini haina uvumilivu: ikianguka kwenye sakafu ya saruji haibonyei, inavunjika. Elekeza tochi ya simu kwa ubavu, ufa wa unywele utaonekana.

4. Angalia mistari ya freti. Kwenye magitaa haya imefinyangwa pamoja na shingo. Ukikuta freti za waya zilizopigiliwa, uliza maswali zaidi.

5. Karibisha bisibisi ya chuma kwenye sumaku. Inapaswa kuvutwa kwa nguvu. Sumaku za zamani hupungua nguvu, na sauti huwa nyembamba. Fundi mwenye kifaa anaweza kuzirudishia.

6. Unganisha kwenye amplifaya na zungusha vitufe. Mkwaruzo ni vumbi, unatibika. Kimya kabisa huenda ni koili iliyokatika. Koili husukwa upya, lakini bei ishuke.

Usilipige msasa hata mara moja. Unaondoa ngozi yake ya juu, na vumbi la bakelaiti kuukuu si la kuvuta puani, kwa kuwa baadhi ya bakelaiti za zamani zilijazwa asbestosi.

Kutengeneza lako: chagua mti

Kama siri ni uzito na ugumu, basi tuulize: ni mti gani wetu ulio karibu na bakelaiti? Jibu kila mchongaji analo. Mpingo una uzito wa takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Utupe majini, unazama. Bakelaiti yenye kijazio iko kidogo tu juu ya hapo. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na obo za Ulaya, kwa sababu ileile: ni mgumu, mzito, na ukikauka hauchezichezi.

Lakini mpingo hukua taratibu mno, shina lake huwa na mikunjo na mara nyingi lina tundu katikati. Gogo nyoofu la kutoa mwili mzima wa gitaa ni adimu, na kulikata kwa ajili ya jaribio la kwanza ni ubadhirifu. Kwa hiyo gawanya kazi: mwili uwe mkongo au mninga, na mpingo uutie mahali uzi unapogusa, yaani kwenye vidaraja viwili. Vipande vya ukubwa wa kidole gumba hupatikana kwenye mabaki ya wachongaji, Mwenge kwa mfano. Mkongo ni mzito kuliko mninga na hutulia vizuri. Mninga ni rahisi kuranda na kupatikana. Mimi ningechagua mkongo.

Nunua mbao zenye risiti na kibali cha kusafirishia cha Wakala wa Huduma za Misitu. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, na imeshakatwa vya kutosha kwa mkaa. Gitaa lisiwe kisingizio kingine. Ujue pia kwamba tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ingawa tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zimepewa msamaha. Ukitaka kupeleka mbao mbichi nje ya nchi, hilo ni suala jingine kabisa, linahitaji vibali. Kama unataka mfano wa uvunaji mzuri, vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa misitu yao yenye mpingo.

Sasa ukavu. Ubao wangu wa kwanza nilinunua kando ya barabara nikauamini kwa sababu ulikuwa umepauka juani. Baada ya masika ulijipinda kama mbiu. Tangu hapo nina mizani. Laza ubao kivulini juu ya vipande vya fito ili upepo upite chini, uupime kila Jumamosi kwa mizani ya dukani na uandike. Uzito ukikaa uleule wiki nne mfululizo, ubao uko tayari. Hewa ya Kibaha na Kisarawe ina unyevu mwingi wakati wa masika na vuli, kwa hiyo usiharakishe.

Vipimo na hatua

Tafuta ubao wa urefu wa sentimita 80, upana 9 na unene 4. Ugawe hivi: sentimita 14 za kichwa cha funguo, sentimita 57 kutoka kidaraja cha juu hadi kidaraja cha chini, na 9 za mkia. Urefu huo wa 57 ndio takriban wa magitaa ya Rickenbacker.

1. Randa pande zote zinyooke. Kwenye kichwa, punguza sentimita 1 kwa juu na 1.5 kwa chini, ibaki 1.5, ili funguo za kukazia nyuzi ziweze kupita. Kule kushuka kwa sentimita moja kutazifanya nyuzi zikandamize kidaraja cha juu.

2. Toboa matundu sita ya funguo, matatu kila upande. Funguo za gitaa kuukuu zinafaa, mradi zisiwe zinateleza.

3. Chonga vidaraja viwili vya mpingo. Kidaraja cha juu kiinue nyuzi milimita 10 kutoka ubaoni, na cha chini vivyo hivyo. Juu ya kila kimoja chora mfereji mdogo na ulaze kipande cha waya mnene wa chuma au shaba nyeupe, uzi ukae juu yake. Nyuzi ziachane kwa milimita 9 au 10. La muhimu: zote ziwe usawa mmoja kabisa. Gitaa la kawaida lina mgongo kidogo. Hili halitakiwi kuwa nao, kwa kuwa chuma chako kimenyooka.

4. Nyuma ya kidaraja cha chini, toboa matundu sita ya milimita 3 yapenye hadi chini. Kwa chini weka washa ndogo kwenye kila tundu ili kichwa cha uzi kisile mbao. Nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa zaidi ya kilo 40, usizidharau.

5. Chimba nafasi ya pikapu, katikati yake iwe sentimita 5 kutoka kidaraja cha chini. Pikapu moja ya gitaa la umeme ya kununua Kariakoo inatosha. Anayetaka kusuka ya umbo la U amtafute fundi wa kuwainda mota, lakini ajue kwamba waya unaohitajika ni mwembamba kuliko wa feni, na asianze na hilo.

6. Kutoka kwenye pikapu peleka waya kwenye kitufe cha sauti, kisha kwenye jeki. Waya mmoja wa erthi uguse chuma cha kidaraja. Bila huo, gitaa litavuma kama nyuki.

7. Chora mistari ya freti. Kanuni ni hii: urefu uliobaki ugawe kwa 17.817, hapo ndipo mstari unaofuata. Kwa sentimita 57, mstari wa kwanza uko milimita 32.0 kutoka kidaraja cha juu, wa pili 62.2, wa tatu 90.7, wa tano 143.0, wa saba 189.6, wa tisa 231.1, na wa kumi na mbili 285.0, nusu kamili. Pima kila mmoja kuanzia kidaraja cha juu, si kuanzia mstari uliotangulia, ili kosa dogo lisizae kubwa.

8. Piga msasa, paka vanishi tabaka tatu nyembamba, ukiacha kila moja ikauke. Vanishi nene hupendeza dukani tu.

Chuma cha mkononi

Nenda gereji yoyote na uombe rodi ya shokapu ya gari iliyokufa. Ni chuma kigumu kilichopakwa kromu, laini kama kioo, na unene wake wa milimita 20 hadi 22 ndio hasa unaotakiwa. Mwachie fundi mwenyewe aitoe, kwa sababu shokapu za gesi zina shinikizo na si za kukatwa ovyo. Akukatie sentimita 8 na aviringishe ncha moja kwa grainda, kisha uisugue kwa msasa laini. Utapata chuma cha gramu 200 hivi. Ukikosa, soketi ndefu ya spana inasogeza siku. Kikwaruze kwa ukucha: palipo na mkwaruzo wowote, uzi utaimba mkwaruzo huo.

Kutyuni na kupiga

Nunua seti ya nyuzi ya namba 11. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba, tyuni E, A, E, A, C#, E. Kwa mwanakwaya anayesoma solfa: so, do, so, do, mi, so. Utaona kwamba nyuzi tatu zimepanda noti nzima kuliko gitaa la kawaida. Usiogope kwamba zitakatika; shingo hii ni fupi, kwa hiyo mkazo wake hauzidi ule uliouzoea.

Ukikwanyua nyuzi wazi, unapata kodi nzima ya do. Weka chuma juu ya mstari wa tano, unapata ya fa. Mstari wa saba ni ya so. Wa kumi na mbili ni do tena, kwa juu. Kwa mistari hiyo mitatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za kanisani na za harusi jioni ya kwanza.

Mambo manne ya kuzingatia. Chuma kikae juu ya mstari kabisa, si nyuma yake kama kidole kwenye gitaa la kawaida. Jicho litazame kutoka juu moja kwa moja, maana ukiinamia upande utadanganyika. Vidole vinavyofuata nyuma ya chuma viguse nyuzi kidogo, kuua milio isiyo na kazi. Na chuma kibebwe na uzito wake; usikikandamize, usikining'inize.

Kutetemesha kuje mwisho. Wanaoanza hutetemesha kila noti ili kuficha kwamba hawajafika mahali. Fika kwanza, kisha tetemesha taratibu, kama mwimbaji wa taarabu anayemalizia pumzi.

Matunzo

Futa nyuzi kila baada ya kupiga, kwa kuwa jasho na hewa ya Pwani huzila upesi. Gitaa, liwe la bakelaiti au la mkongo, lisilazwe juani wala kwenye buti ya gari. Bakelaiti hufifia juani na kugeuka kahawia, na hata yenyewe huyumba tyuni ikipata joto kali. La bakelaiti lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na polishi kidogo, basi. Libebwe kwenye sanduku gumu lenye godoro, hasa kama unasafiri kwa bodaboda barabara ya Maneromango.

La mwisho ni la uhai. Gitaa hili linakuwekea chuma mkononi na nyuzi za chuma mapajani, zote zimeungana na amplifaya. Amplifaya isiyo na erthi, au plagi iliyovunjwa mguu wa tatu, isikaribie gitaa lako. Kabla ya onyesho, mwambie fundi umeme apime soketi ya ukumbi. Akikuta haina erthi, piga ngoma siku hiyo, na gitaa libaki sandukuni.